Ukiinua pikapu kwa springi ndefu, bushi zikazwe gari likiwa chini

Kosa la kawaida: springi mpya za nyuma zinafungwa gari likiwa kwenye jeki, na bolti za bushi (mipira ya kwenye ncha za springi) zinakazwa hapo hapo mpaka mwisho. Gari likishushwa springi inanyooka, mpira wa bushi unabaki umejikunja muda wote, na haukawii kuchanika. Funga kwa mkono tu kwanza. Shusha gari likae kwa matairi yake, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze kwa kipimo cha mtengenezaji.

Yuboti za zamani, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, usizirudishe. Zimeshavutika, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga nyuzi zake mara nyingi zimeliwa na kutu. Weka mpya, kaza kwa msalaba kidogo kidogo, halafu zirudie baada ya kilomita 500. Ukiwa mtu wa kupanda milima ya Amani, mapema zaidi.

Mbele, kwa Hilux isiyo na ekseli nzima, kuinua inchi 2 kunatosha. Ukizidisha, shafti za magurudumu zinakaa kwa pembe kali, mipira yake inapasuka na grisi inamwagika.

Halafu kuna valvu ya breki za nyuma, ile yenye fimbo inayoshuka hadi kwenye difu. Hii husahaulika sana, na ni hatari. Bodi ikipanda, valvu inadhani gari halina mzigo, inapunguza breki za nyuma hata ukiwa umepakia. Inua kishikio cha fimbo, kile cha kwenye difu, kwa kiasi kile kile ulichoinua gari. Alaimenti (mkao wa magurudumu) na taa za mbele, zirekebishe siku hiyo hiyo.