Mzinga wa kwanza Njombe: toka kutundika mpaka kuvuka baridi ya Juni na Julai

Wadau, vijana wa huku Njombe na Makete wananiuliza sana kuhusu kuanza nyuki, na maswali karibu yote ni ya kuvuna, mzinga mmoja unatoa kilo ngapi, asali nauza wapi. Kuhusu baridi haniulizi mtu. Na baridi ndo inayoamua kama mwakani utakuwa na nyuki au utakuwa na sanduku tupu la mbao. Kwa hiyo naandika toka mwanzo, hatua kwa hatua, namna mimi ninavyofanya, na lengo ni moja tu, Septemba ufungue mzinga ukute nyuki wako bado wamo.

Nianze na kilichonikuta. Mzinga wangu wa kwanza uliingia nyuki mwezi wa 10, mvua zikaenda vizuri, mwisho wa mwezi wa 5 nikaurina nikatoa masega yote ya asali, ndoo ya lita 10 ikajaa, nikafurahi sana. Wiki ya pili ya Julai nikaenda asubuhi, sakitu imelala nyeupe kwenye majani kule bondeni, nikaweka sikio ubavuni mwa mzinga, kimya. Nikafungua. Masega yananing'inia makavu, vyumba vyote vitupu, na chini hakuna hata nyuki mmoja aliyekufa. Nikajua wameibiwa. Nikaenda kwa mzee mmoja wa kijiji jirani, mrina asali wa mizinga ya magogo tangu ujana wake, nikamwamkia nikamsimulia yote, akasikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza, "Sasa uliwaachia nini?" Nikasema sikuwaachia kitu. Akasema, "Basi hawajaibiwa mwanangu, umewafukuza mwenyewe. Nyuki wetu hawakai nyumbani kuisubiri njaa, wanaondoka."

Hapo ndo nilianza kujifunza. Nyuki wa Ulaya amezoea miezi mingi ya theluji, anajikusanya ndani anakula akiba anasubiri. Wa kwetu anauma zaidi, anafanya kazi zaidi, lakini chakula kikiisha anahama na malkia wake na hageuki nyuma. Kwa hiyo mwaka wa kwanza mavuno yako ni hao nyuki wenyewe, asali hesabu kama akiba yao.

Hatua ya 1, mahali pa mzinga

Watu wengi huku wana mashamba ya paini, wanaweka mizinga katikati ya paini kwa sababu kuna kivuli na kuna utulivu. Paini haina mbochi jamani, yaani ule utamu wa maua anaotengenezea asali. Nyuki atakaa humo kama mtu anayeishi jangwani. Tafuta sehemu yenye mikaratusi, msitu wa asili, miti ya parachichi, miwati kwa ajili ya chavua, na maji ya kudumu yasiwe mbali. Kama maji hayapo weka beseni na utie mawe au vijiti ndani yake ili wasizame.

Usiweke bondeni. Usiku hewa ya baridi inashuka na kutulia bondeni, na sakitu inaanzia huko huko kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni. Panda juu kidogo, katikati ya mteremko. Upepo wa mwezi wa 6 na wa 7 unatupiga kutoka kusini mashariki, kwa hiyo ubavu wa mzinga uangalie huko, na mlango uelekee kaskazini mashariki, maana miezi hiyo jua limesogea kaskazini na unataka mlango upate jua mapema asubuhi. Nyuki hawezi kuruka mwili ukiwa umepoa, mzinga unaopata jua saa moja na nusu unaanza kazi wakati mzinga wa kivulini bado umelala.

Na kaa mbali na nyumba, njia za watu, na mifugo iliyofungwa kamba, mita 300 hivi sio nyingi. Mbuzi aliyefungwa hana pa kukimbilia.

Hatua ya 2, mzinga wenyewe

Mimi nawashauri wanaoanza watumie mzinga wa viunzi, yaani sanduku refu ambalo juu zimepangwa fito za mbao na kila fito nyuki anajenga sega moja likining'inia. Fundi wa kawaida wa mbao anaweza kuutengeneza. Kitu kimoja usikubali abahatishe ni upana wa kiunzi, milimita 32. Ndo nafasi anayoachiana nyuki wetu kutoka sega hadi sega, ukizidisha au ukipunguza watajenga masega ya kukatiza na utashindwa kutoa hata moja bila kubomoa. Chukua rula ukapime vyote mwenyewe kabla hujalipa.

Mbao zisiwe zimepakwa dawa ya mchwa. Nilishawahi kuletewa mzinga mzuri kwa macho, umekaa mwaka mzima hauna nyuki, ukiingiza pua ndani unasikia harufu ya dawa. Ndani usipake chochote, nje paka rangi au mafuta ya kitani kama unayo.

Hatua ya 3, chambo na kutundika

Yeyusha nta, paka mstari mwembamba katikati ya kila kiunzi kwa chini, pale ndo wataanzia kujenga na watanyooka. Halafu sugua majani ya mchaichai kwenye kuta za ndani na mlangoni. Tundika kwa waya kwenye mti au weka kwenye stendi ya miguu, urefu wa kiuno, ukiwa umelala sawa, kama umeinama uinamie mbele kidogo tu ili maji yatoke mlangoni. Ukiwa umepinda upande, masega yatapinda.

Miguu ya stendi izamishe kwenye makopo yenye oili chafu, au kama umetundika paka grisi kwenye waya. Siafu wakiingia usiku mmoja tu basi. Na nyegere naye yupo, kwa hiyo waya uwe imara na mzinga usiwe mahali anapoweza kuufikia kutoka kwenye tawi.

Tundika Agosti au Septemba kabla makundi hayajaanza kuruka. Kisha subiri. Usiende kila siku kuchungulia.

Hatua ya 4, nyuki wakishaingia

Utajua wameingia ukiona wanaoingia wana vifurushi vya chavua miguuni, vya njano au vya rangi ya chungwa. Hiyo ina maana ndani kuna majana, yaani watoto wa nyuki, wanalishwa, malkia anataga. Wanaotoka na kuingia bila kubeba chochote wanaweza kuwa wapelelezi tu. Waache wiki tatu nne bila kufungua, kundi jipya likisumbuliwa linaondoka kirahisi sana.

Ukaguzi wa kwanza fanya jioni jua linapozama, ovaroli nyeupe, wavu, glavu, gambuti, na suruali iingie ndani ya gambuti. Usipake manukato. Kwenye bomba la moshi mimi natumia magunzi na samadi kavu ya ng'ombe, moshi wake ni mpole na haujai cheche, usichome plastiki wala matambara yenye mafuta. Puliza mara mbili tatu mlangoni, subiri dakika mbili, anza kutoa viunzi kutoka upande usio na masega.

Sasa hapa naomba uniangalie mkono. Sega jipya ni jeupe na laini kama mkate uliotoka kwenye oveni, halina waya ndani wala fremu pembeni, limeshikwa na kiunzi kwa juu peke yake. Ukiliinua, liinue wima. Ukitaka kuona upande wa pili usiligeuze kama unavyogeuza kitabu, zungusha kiunzi chenyewe kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba, sega likiendelea kuning'inia kuelekea chini. Ukililaza tu linakatika, asali inamwagika juu ya majana, nyuki wanachafuka, na harufu inaita siafu. Kijana niliyekuwa namfundisha alililaza moja lenye asali nzito, lilidondoka lote kwenye nyasi, jioni ile hatukuweza kuendelea na kitu kingine.

Unatafuta nini? Mayai, kama chembe ndogo nyeupe ya mchele iliyosimama kwenye kitako cha chumba. Ukiyaona huna haja ya kumtafuta malkia, alikuwepo siku tatu zilizopita. Funga urudi nyumbani. Kipindi cha mvua ukaguzi mara moja kwa mwezi inatosha.

Akikuuma kwangua mwiba kwa ukucha pembeni hapo hapo, ukichelewa sumu inazidi kuingia. Na mtu ambaye akiumwa na nyuki anavimba mwili mzima au anabanwa pumzi asifanye kazi hii, na ikimtokea apelekwe hospitali hapo hapo.

Hatua ya 5, mwezi wa 5, maandalizi ya baridi

Hii ndo hatua niliyoandikia yote haya.

Ndani kwenye majana nyuki wanatunza joto la nyuzi kama 34 au 35, nje kuwe na sakitu au jua. Hilo joto wanalitengeneza kwa kutikisa misuli ya mabawa bila kuruka, na kuni zake ni asali. Kwa hiyo usiku wa Julai wenye baridi wanakula zaidi, na huo huo ndo mwezi ambao nje maua ni machache na masaa ya kuruka ni mafupi. Umeona hesabu ilivyo mbaya?

Fungua jioni ambayo haina upepo, hesabu. Masega ya majana usiguse. Ya asali, mimi koloni la mwaka wa kwanza naliachia masega 8 yaliyojaa na kuzibwa nta nyeupe juu. Yakiwa 8 au pungufu sitoi hata moja. Yakizidi 8 nachukua yaliyozidi, na nachukua yale ya mwisho kabisa, sio yaliyobanana na majana, maana usiku wa baridi nyuki hawasogei mbali na watoto, asali iliyo mbali, ambayo kati yake na watoto kuna sega tupu, ni kama haipo. Ukikuta sega tupu limekaa kati ya majana na asali, lihamishe pembeni ili chakula kigusane na watoto.

Masega meusi ya zamani yasiyo na kitu toa, ndo makazi ya nondo wa nta, wale wadudu ambao viwavi vyao vinakula masega. Sehemu iliyobaki tupu ifunge kwa ubao wa kugawa, mzinga uwe mdogo kulingana na kundi. Nyumba kubwa yenye watu wachache haipati joto.

Mlango upunguze. Kama una matundu 8 acha 3, mengine mimi naziba kwa vipande vya gunzi la mahindi, vinakaa vizuri na mwezi wa 9 unavichomoa. Lakini usizibe kila kitu ukadhani unawasaidia. Nyuki wanapumua, mvuke unapanda, ukikuta bati la baridi juu unageuka maji na kuwadondokea. Inua bati asubuhi ya Juni utaona matone yamejipanga chini yake kama yametundikwa. Nyuki aliyelowa hawezi kujipasha. Kwa hiyo juu ya viunzi, chini ya bati, tandika nyasi kavu unene wa kiganja kwenye kiroba cha katani, nyasi zinanyonya unyevu na zinazuia baridi.

Mwisho wa mwezi wa 5 fyeka nyasi kuzunguka manzuki, yaani mahali mizinga ilipo, na ulime barabara ya moto, mita 5 au zaidi. Baridi ikiisha kunakuwa kukavu sana na watu wanachoma mashamba, kuna mwaka moto ulitoka shamba la jirani ukaniunguzia mizinga miwili iliyokuwa imevuka baridi vizuri kabisa, bado inaniuma mpaka leo.

Hatua ya 6, Juni mpaka Agosti

Usifungue. Kila ukifungua unatoa joto ambalo wamelitengeneza kwa chakula. Kagua kwa nje tu. Weka sikio ubavuni, gonga kidogo kwa kidole, kundi zima linajibu mvumo mmoja kisha linatulia. Mvumo mrefu wa kulialia usiokatika unaweza kuwa dalili hawana malkia. Halafu inua mzinga upande mmoja kwa mkono kila baada ya wiki mbili, uzoee uzito wake. Mkono utakuambia kabla ya jicho.

Ukiwa mwepesi ghafla, walishe. Sukari nyeupe kilo 2 kwa maji lita 1, maji yachemke, yaepue, koroga sukari iishe, acha ipoe kabisa. Weka kwenye chombo kifupi chenye vijiti vya kusimamia, ndani ya mzinga nyuma ya masega, jioni. Usiweke nje, utaita nyuki wa mizinga mingine waje kuiba. Usiwape asali ya kununua, hujui imetoka kwenye mzinga wenye ugonjwa gani. Na asali yenye sukari yako usije ukamuuzia mtu.

Jirani anayepiga dawa viazi au parachichi mwendee mapema kwa heshima, mwombe apige jioni nyuki wakisharudi na akujulishe siku. Wengi wakiombwa wanakubali.

Hatua ya 7, Septemba

Chavua ikianza kuonekana tena miguuni kwa wingi, siku ya joto jioni, fungua. Chomoa magunzi, toa nyasi zenye unyevu, rudisha viunzi vilivyoondolewa vikiwa na nta mpya. Angalia mayai. Kama kuna mayai, majana yamesambaa masega matano sita, na bado kuna masega mawili ya asali ya zamani ambayo hawakuyamaliza na wameshaanza kujaza mapya, hayo mawili sasa yarine, ni ya kwako.