Somo: Kumwigiza mtu unayetaka kuwa, kwa siku 14

Wengi wanangoja wajiamini kwanza ndipo wafungue mdomo kikaoni. Mambo huenda kinyume: unasema huku viganja vimelowa jasho, na kujiamini kunakuja baadaye, tena kwa kujivuta. Utaratibu huu tumeuchukua kwa George Kelly, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeueleza mwaka 1955. Mtu aliandikiwa mhusika mwenye jina jingine, akaishi kama yeye kwa takriban wiki mbili, kisha akamwacha. Hakuambiwa abadilike, aliambiwa aigize tu. Anayeigiza ana ruhusa ya kukosea.

Unahitaji daftari, kalamu na dakika 10 kila jioni.

1. Jiandike ulivyo. Ukurasa mmoja, kwa nafsi ya tatu, kana kwamba mwandishi ni rafiki anayekujua vizuri na anayekupenda. Ukiandika "mimi" utaanza kujitetea au kujilaumu.

2. Mwandike mhusika. Ukurasa mmoja pia, na umpe jina lake. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mkimya anamwandika msemaji hodari, mpole anamwandika mbabe. Kinyume chako ni kipimo kilekile kikiwa kimepinduliwa. Utashinda siku nzima unajiuliza "leo nimesema vya kutosha?" na jibu litakuwa hapana. Chagua kipimo kingine kabisa. Mkimya amwigize *mdadisi*, mtu mwenye hamu ya kujua wenzake wanafikiri nini. Mdadisi huuliza, hutazama, hufuatilia jibu, na bila kukusudia anajikuta amezungumza.

3. Geuza sifa ziwe vitendo. "Anajiamini" haiigiziki. Jiulize: kamera ingekinasa kitendo hiki? Kama haiwezi, kifute. Vitatu vinatosha. Kwa mfano, mdadisi akiwa kikaoni:

- anafika dakika 5 kabla na kumsalimu aliyekaa jirani;
- anauliza swali moja ndani ya dakika 10 za kwanza, lisilozidi maneno 15;
- akishauliza, ananyamaza.

Hicho cha tatu ndicho kigumu. Swali linatoka vizuri, halafu mtu analiharibu kwa mkia: "…au labda sikuelewa, samahani, tuendelee tu." Funga mdomo kwenye alama ya kuuliza. Kimya cha sekunde tatu utakiona kirefu mno, lakini ndicho kinachompa mwenzako nafasi ya kufikiri.

4. Kifunge kitendo kwenye tukio. Usiseme "nitauliza swali leo." Andika: "Msemaji wa kwanza akimaliza, nainua mkono." Tukio likitokea, mkono unaondoka kabla hujaanza kujadiliana na woga.

5. Panga ngazi. Pima woga wa kila hali kuanzia 0 hadi 10 na uanze na ya 3 au 4. Panda ukishairudia mara tatu na woga umeshuka angalau pointi 2. Ukirukia ya 8 utakimbia, na nafuu unayoipata kwa kukimbia ndiyo inayoufundisha mwili kukimbia tena.

6. Kila jioni, mistari mitatu: nilichofanya, nilichotabiri kitatokea, kilichotokea kweli. Hisia ziache nje. Mwanasaikolojia Daryl Bem alieleza kwamba mara nyingi tunajijua kama tunavyowajua wengine, yaani kwa kutazama matendo. Daftari ndilo ushahidi wako.

Siku ya 14 muage mhusika. Soma kurasa zote, kisha amua ni vitendo gani unabaki navyo.

Jihadharini na magongo, yaani vitu vya kuegemea: simu mkononi, kikombe kilichokumbatiwa, sentensi iliyokaririwa neno kwa neno. Mambo yakienda vizuri, sifa huenda kwa gongo, na kesho hutathubutu kutoka bila hilo. Na jingine: igizeni mwenendo, msiigize ujuzi. Asiyejua kazi aseme "sijui, nitaulizia."

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mbona najiona mnafiki?
Jibu: Mnafiki anadanganya ili apate kitu. Wewe ukiuliza swali umeliuliza kweli, hakuna aliyedanganywa. Siku tano za mwanzo huwa hivyo, kama viatu vipya. Lakini kama mhusika wako anadai cheo au elimu usiyo nayo, unafiki upo, mwandike upya.

Swali: Niliuliza, sauti ikatetemeka, wote wakageuka. Nimeaibika.
Jibu: Pole. Waligeuka kwa sababu mtu anazungumza. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000 na Thomas Gilovich na wenzake, wanafunzi walivaa fulana ya aibu na kukadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwa chumbani wameitambua. Waliotambua walikuwa karibu robo tu. Kuhusu sauti: toa pumzi yote kabla ya kuanza, acha nyingine iingie yenyewe, kisha sema maneno matatu ya kwanza polepole. Rudia ngazi hiyohiyo mapema, ndani ya siku mbili.

Swali: Kusimama mikono kiunoni dakika mbili kabla ya usaili kunasaidia?
Jibu: Utafiti wa 2010 ulidai kwamba mikao ya kujitanua namna hiyo inabadilisha hata homoni. Jaribio kubwa zaidi la 2015, lenye watu 200, halikuyaona mabadiliko hayo ya homoni, na mwaka 2016 Dana Carney, mmoja wa watafiti wa mwanzo, alisema haamini tena. Dakika hizo mbili msalimie mtu wa mapokezi.

Swali: Nimeshindwa siku tatu mfululizo. Nibadilishe mhusika?
Jibu: Hapana, kata kitendo nusu. Kama ni kuuliza mbele ya watu 20, muulize mmoja baada ya kikao. Ila kama woga unakuzuia kazi au masomo kwa miezi, ngazi hizi zipande pamoja na mshauri nasaha au mwanasaikolojia.

Swali: Nyumbani wananitania, "umeanza lini mambo haya?"
Jibu: Uliwaambia? Kwa Kelly, zoezi lilikuwa siri. Ukitangaza, watu wanakutazama wewe unayeigiza, hawamjibu mhusika. Wajibu kwa swali la mdadisi: "Mmeona nini kimebadilika?" Kisha nyamaza usikilize.