Kutoka Nairobi Hadi Mombasa kwa Subaru ya Tabo Bila Kupoteza Mafuta

Kati ya Nairobi na Mombasa kuna takriban kilomita 480, na dereva wa Subaru Impreza WRX anaweza kuzimaliza kwa tangi moja la lita 60, au akajikuta anatafuta kituo cha mafuta kabla hajafika Mariakani. Tofauti hiyo hutokana na tabo kuliko kitu kingine chochote. Dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu, tabo husukuma hewa ya ziada ndani ya injini, na kompyuta ya gari humwaga petroli nyingi kuliko ile ambayo hewa hiyo inaweza kuichoma, ili ziada hiyo ipunguze joto ndani ya silinda. Kwa mwendo wa utulivu, gramu 1 ya petroli huchomwa kwa gramu 14.7 za hewa. Tabo ikisukuma kwa nguvu zote, hewa kwa kila gramu ya petroli hupungua hadi karibu gramu 11. Kwa hiyo, ikiwa gari lako lina geji ya tabo, izoee, na ujitahidi sindano yake isivuke sufuri, yaani pale tabo inapoanza kusukuma hewa ya ziada, mahali ambapo barabara haikulazimishi.

Kanuni hii hujaribiwa zaidi nyuma ya malori, hasa baada ya Sultan Hamud. Wengi hulisogelea lori mno, huchungulia, huongeza mwendo, kisha hupiga breki, na kila mara wanapoyarudia hayo petroli imekwisha kupotea. Acha nafasi kubwa ili uone mbali, subiri, kisha pita mara moja. Wakati wa kupita usibanie mafuta hata kidogo, kwa sababu kukawia katika njia ya magari yanayokuja ni hatari kubwa.

Upepo nao hudai sehemu yake, kwani ukinzani wake hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukitoka kilomita 90 kwa saa hadi 110, nguvu inayolizuia gari huongezeka kwa karibu nusu. Funga madirisha ukiwa barabara kuu na utumie kiyoyozi kwa kiasi. Ondoa pia kibebea mizigo cha juu ya paa kama hukihitaji.

Kwenye miteremko, usiweke nyutro. Ukiondoa mguu kwenye mafuta huku gari likiwa kwenye gia, injini ya kisasa hukata petroli kabisa na injini yenyewe husaidia breki, ilhali kwenye nyutro huendelea kunywa ili isizimike.

Kabla ya kuondoka, pima upepo wa matairi yakiwa baridi, kagua kichujio cha hewa, na ujaze petroli ya okteni ya juu, yaani isiyowaka yenyewe mapema na kuifanya injini igonge. Magari haya yaliyoagizwa kutoka Japani yaliundwa kwa petroli kama hiyo. Ukitia ya chini, injini huchelewesha cheche ili isigonge, na nguvu inayopatikana kwa kila lita hupungua.

Usishangae safari ya kurudi ikila zaidi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kulipandisha gari la tani moja na nusu hadi huko hugharimu karibu lita 3 za ziada, hata dereva awe mwangalifu namna gani. Panga kujaza tangi Voi, kabla mwinuko mrefu haujaanza.