SOMO: Kupanga na kufuta nywila zilizohifadhiwa kwenye kompyuta

Somo hili ni la kila mwenye kompyuta, ila zaidi ninyi mnaojazia maombi ya HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na Ajira Portal (tovuti ya ajira serikalini) kwenye steshenari za Mwanjelwa na Uyole, Mbeya. Shikeni hili kwanza: nywila zilizo kwenye kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome au Firefox) zinalindwa na nywila ya Windows. Kompyuta inayowaka bila kuuliza kitu, yeyote aliyeikalia anazisoma zote.

1. Kwenye Chrome, andika chrome://password-manager/passwords sehemu ya anwani. Chagua tovuti, weka PIN au nywila ya Windows, bofya alama ya jicho. Kwa Firefox ni about:logins.

2. Futa za akaunti usizotumia. Zinazofanana zibadilishe, ukianza na ya barua pepe. Hiyo ndiyo mama: aliyeishika anabofya "nimesahau nywila" kwingine kote na kiungo kinamjia yeye. Tumia maneno manne au matano yasiyohusiana, si jina la mtoto na mwaka aliozaliwa.

3. Windows nayo ina ghala lake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika control keymgr.dll, kisha fungua "Windows Credentials". Nywila ya seva (kompyuta kuu) ya ofisi ikibadilishwa, kompyuta inaweza kuendelea kutuma ile ya zamani hadi akaunti ifungwe. Tafuta mstari wa seva hiyo, bofya "Remove", ingia upya.

4. Ukihamisha nywila, Chrome inakupa faili la CSV. Ni maandishi matupu. Hata Notepad inalifungua. Ukishaliingiza unakolipeleka, lifute kwa Shift na Delete, maana Delete peke yake inalitupa tu kwenye pipa. Na tafadhali, lisikae kwenye flashi inayoazimwa.

Ukiwa steshenari, fungua Chrome kwa hali ya mgeni ("Guest"). Ukifunga madirisha yote, hakibaki kitu kwenye kivinjari. Mafaili uliyopakua yafute mwenyewe.

MASWALI (na mji wa muulizaji)

Mafinga: Habari za kazi mwalimu. Nimefuta nywila zangu kwenye kompyuta ya duka, na kwenye simu zimepotea. Kwa nini?

Jibu: Salama. Uliingia Chrome kwa akaunti yako ya Google, hivyo duka na simu vilikuwa vinasoma ghala moja. Siku nyingine futa profaili yako kwenye kompyuta ile: bofya picha yako juu kulia, nenda kwenye usimamizi wa profaili, nukta tatu, "Delete". Vilivyo kwenye akaunti vinabaki.

Tunduma: Fundi kaniwekea nywila mpya ya Windows, Chrome haioni tena za zamani.

Jibu: Zilifungwa kwa ufunguo unaotokana na nywila ya awali. Unaikumbuka? Bonyeza Ctrl, Alt na Delete, badilisha uirudishe ile ile. Mara nyingi zinafunguka. Huikumbuki, angalia kama zipo kwenye akaunti yako ya Google.

Makambako: Kuandika kwenye daftari ni kosa?

Jibu: Hapana, ndugu. Lifungie kabatini nyumbani, si kwenye droo ya ofisi.