Oolong ya kuchomwa inataka maji yanayotokota

Kama umepata ile oolong (chai iliyo kati ya ya kijani na nyeusi) ya rangi nyeusi ya milima ya Wuyi, kule Fujian, China, iwe aina ya Da Hong Pao au Shui Xian, ile yenye majani marefu yaliyojisokota, usiifanyie kama chai ya kijani ya kupoza maji kwanza. Hii imechomwa taratibu juu ya mkaa masaa kibao, kwa hiyo maji yatokote kabisa, ukitia ya vuguvugu unaambulia rangi tu.

Chukua gaiwani, kile kibakuli kidogo chenye mfuniko (huna? birika dogo poa tu), kipashe kwa maji ya moto umwage, tia majani makavu gramu 5 hivi kwa mililita 100, funika kidogo alafu funua unuse, hapo ndo raha yenyewe inaanza, inanukia kama karanga zilizokaangwa. Mimina maji, hesabu sekunde 10 mpaka 15, toa yote isibaki hata tone maana ikilala inakuwa chungu. Majani hayohayo unarudia hata mara sita, kila raundi unaongeza sekunde kidogo, na mi naona ya tatu ndo tamu kuliko zote. Maziwa na sukari weka pembeni, na tangawizi pia jamani.

Ikiwa imechomwa juzijuzi na inanuka moto sana usiinywe kwanza, funga kwenye kopo lisilopitisha hewa, mbali na viungo, iache miezi michache itulie.