Uingereza: Ukiulizwa Hospitali, Usiseme "Tutajitahidi"

Shangazi alirudishwa nyumbani Ijumaa saa kumi jioni, nyonga ikiwa imeungwa kwa chuma, na mfuko wa dawa mapajani. Waliomleta wakaaga, gari likaondoka. Choo chetu kiko ghorofani. Ngazi ni kumi na tatu; usiku ule nilizijua moja moja, mgongo wangu ukiwa ndio fimbo yake.

Kosa lilikuwa langu. Asubuhi ya Ijumaa hiyo, kabla hajaruhusiwa, nesi wa wodi aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nyumbani kuna wa kumsaidia. Nikajibu kama tulivyolelewa: "Usijali, tuko familia, tutajitahidi." Nani atamwambia mtu baki kwamba mzee wenu amewashinda? Akaandika. Wiki tatu baadaye ndipo nikaonyeshwa alichoandika: familia itamhudumia. Basi hakutumwa mtu.

Kwa hiyo ukiulizwa swali hilo, heshima iweke kando, taja saa. Naenda kazini saa ngapi, narudi saa ngapi, kati ya hapo yuko peke yake. Hawezi ngazi. Hawezi kujiosha. Yaandikwe kabla hajatoka wodini, nawe uandike jina la aliyeyaandika. Na neno "tutajitahidi" lisikutoke hata kwa bahati mbaya.

Sisi tunadhani hospitali na huduma ya nyumbani ni mkono mmoja. Hapa ni mikono miwili. Matibabu ni ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, mkaazi halipi kitandani. Wa kumwogesha na kumvisha anatoka halmashauri, na halmashauri huchungulia mfuko: kwa England, mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 kwa kawaida hujilipia. Nyumba anayoishi haihesabiwi akihudumiwa humo humo. Mwaka 2022 ziliundwa bodi 42 za afya huko England ili mikono hiyo ishikane, na kwenye vipeperushi vyao mgonjwa ndiye yuko katikati. Mimi nilisimulia kisa cha shangazi kwa watu sita, na wote sita waliniuliza upya tarehe yake ya kuzaliwa.

Sasa kinachoniuma zaidi. Mtu anayetoka hospitali akihitaji kurudishiwa uwezo wa kujihudumia anaweza kupewa wasaidizi bure hadi wiki 6, bila kuulizwa akiba. Wiki zetu tatu tulizitupa kwa adabu. Tena wewe unayemtunza una haki ya kufanyiwa tathmini yako mwenyewe, kwa sheria ya 2014, hata kama mzee ameikataa ya kwake. Wazee wetu huikataa, ndiyo.

Mengine ni ya kawaida. Jiandikishe kwa GP, daktari wa mtaani kwenu, huhitaji hati ya makazi. Omba mkalimani, ni bure. Usimgeuze mtoto kuwa mkalimani wa maradhi ya bibi yake. Chukua nakala ya karatasi ya kuruhusiwa uipeleke kwa GP mwenyewe.

Nanyi ndugu wa nyumbani mnaotuma sauti za WhatsApp, "mlete mama huko, si bure?" Jamani. Mwenye viza ya matembezi akilazwa, kwa kawaida hutozwa asilimia 150 ya gharama, na deni la pauni 500 lisipolipwa linaweza kumkwamisha viza nyingine. Kaka yangu naye alikasirika kusikia mgeni atamwogesha shangazi. Nikamwambia tiketi ni yake, karibu uogeshe.

Aliyenifungua macho ni jirani, bibi wa Kiingereza anayelalamika kwa barua, kwa adabu, na tarehe juu. Wenzetu hawaoni aibu kudai; sisi kwetu kudai ni utovu. Akaniambia nipige simu halmashauri, idara ya huduma za watu wazima, nitumie maneno mawili tu: si salama. Mzee hayuko salama. Nilipolalamika kuwa nimechoka, nilipewa pole. Niliposema si salama, nilipewa tarehe.

Jumanne akaja mhudumu, dada Mzimbabwe, na kiti cha choo cha kuweka chini kikafuata. Shangazi akagoma kuoga kabla mgeni hajanywa chai. Dada yule alikuwa na dakika thelathini kwetu. Chai ilichukua kumi na mbili.