Skrini Imegeuka Kijivu, Imevimba au Rangi Zimepinduka: Usikimbilie Kubadilisha Kioo

Mtu huja na simu akiwa ameshaamua ugonjwa wake. "Fundi, kioo kimekufa, nibadilishie." Ukiishika unakuta kioo kizima, hakina hata mkwaruzo. Ila kila kitu ni kijivu, au aikoni moja imejaa skrini nzima, au nyuso za watu kwenye picha zimekuwa za samawati kama mizimu. Simu haijaanguka, haijaingia maji, na jana usiku ilikuwa sawa.

Simu za namna hiyo zikifika mezani kwangu, nyingi huondoka ndani ya dakika chache na bisibisi haijaguswa. Kilichotokea ni kwamba mpangilio mmoja wa ufikivu umewashwa bila mwenyewe kujua. Mipangilio hii imewekwa kwa ajili ya wasioona vizuri, wasiotofautisha rangi na ambao vidole vyao haviwatii, na ndiyo maana imeundwa iwashwe upesi bila kupita menyu: bonyeza kitufe mara tatu, gonga skrini mara tatu, shikilia vitufe vya sauti. Mlango umerahisishwa kwa anayeuhitaji, na mfuko wa suruali na mtoto mdogo nao wanapita humo humo.

Neno kuhusu majina. Kwenye Android iliyowekwa Kiswahili utaingia Mipangilio, kisha Ufikivu, ingawa jina hilo hubadilika kidogo toleo hadi toleo. Kwenye simu ya Kiingereza ni Settings, kisha Accessibility. Kila kampuni ya Android hupanga menyu kivyake, kwa hiyo usihangaike kukariri njia: juu ya Mipangilio kuna kisanduku cha kutafutia, andika neno moja kama "rangi" au "color" na uache simu ikupeleke. Kwa iPhone nitataja majina kama yanavyosomeka kwenye menyu ya Kiingereza.

Hatua ya 1: Jua kama ni kioo au ni mpangilio

Zima simu, iwashe, na ukodolee macho nembo ya kampuni inapotokea. Wakati huo simu bado haijasoma mipangilio yako. Ukiona mistari, doa jeusi au mng'ao wa kijani tayari upo juu ya nembo, hapo ni kioo kweli, na makala hii haitakusaidia. Nembo ikiwa safi na kasoro ikaja baada ya simu kuamka, endelea kusoma. Kipimo hiki kina udhaifu mmoja: nembo nyingi ni nyeupe juu ya nyeusi, kwa hiyo hakikwambii lolote kuhusu ukijivu. Lakini katika kazi yangu sijawahi kuona kioo kilichoharibika kikapoteza rangi zote kwa usawa, kona hadi kona. Ukijivu uliotandaa namna hiyo, mimi huuhesabu kuwa mpangilio hadi nithibitishiwe vinginevyo.

Kipimo cha pili ni skrinishoti. Piga picha ya skrini, itume kwenye simu nyingine, uitazame huko. Usiitazame kwenye simu ile ile, maana utakuwa unaangalia kwa miwani ile ile yenye rangi. Ikionekana ya kawaida kule, basi picha inayotengenezwa ndani ya simu ni safi, na kinachoibadilisha kiko mwishoni kabisa: kichujio cha rangi cha simu, au kioo chenyewe. Ikiwa tatizo limesafiri pamoja na picha, tafuta mahali pengine, hasa programu ya kupunguza mwanga wa buluu uliyopakua ukaisahau, ambayo imetandaza utando wa rangi juu ya kila kitu. Hiyo dawa yake ni kuiondoa, au kuinyima ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine.

Na usitegemee kuzima na kuwasha kama tiba. Mipangilio hii huhifadhiwa. Utaiwasha simu mara kumi na itarudi na ukijivu wake.

Hatua ya 2: Skrini imevimba

Hii ndiyo inayotisha watu kuliko zote, kwa sababu mara nyingi hutokea simu ikiwa imefungwa. Namba za siri zimekuwa kubwa kiasi kwamba unaona 5 na 6 tu, na huwezi kufika kwenye 1.

Kwenye iPhone, weka vidole vitatu pamoja na ugonge skrini mara mbili haraka. Vidole vyote vitatu viguse kwa wakati mmoja, vikiwa vimeachana kidogo. Watu hushindwa kwa sababu wanagonga kwa kuvibananisha, au kidole kimoja kinachelewa. Skrini itarudi ukubwa wake. Ikikataa, tumia vidole hivyo hivyo vitatu kuburuza, nawe utaona skrini inasogea chini yake kama ramani, mpaka uifikie namba unayoitaka. Ukishafungua, ingia Settings, Accessibility, Zoom, uzime swichi ya kwanza. Usiishie kwenye kupunguza ukubwa: Zoom ikibaki imewashwa, vidole vitatu vikigusa tena kwa bahati mbaya utarudi ulikotoka.

Kwenye Android kinachofanya hivyo huitwa ukuzaji, Magnification. Katika matoleo ya karibuni utaona fremu ya rangi ya chungwa kwenye kingo za skrini, na hiyo ni dalili isiyodanganya. Kama uliwashwa kwa njia ya kugonga, gonga skrini mara tatu haraka kwa kidole kimoja, mahali pasipo na kitufe. Ili kusogea, buruza kwa vidole viwili. Kisha nenda kwenye Ufikivu, fungua ukuzaji, uzime njia yake ya mkato. Kuna faida ya ziada hapa ambayo wengi hawaitarajii: njia ya mkato ya kugonga mara tatu ikiwa imewashwa, simu husubiri kidogo baada ya kila mguso ili ijue kama miguso mingine inafuata, na hivyo huonekana nzito. Nimewahi kuletewa simu "inayokwama" ambayo dawa yake ilikuwa swichi hiyo moja.

Usichanganye kuvimba huku na herufi kubwa. Ikiwa skrini haisogei ukiburuza, ila maandishi na aikoni zote ni kubwa na zimepangwa vizuri, kilichoguswa ni ukubwa wa fonti au ukubwa wa vitu vya skrini. Vyote viwili viko kwenye mipangilio ya onyesho katika Android. Kwenye iPhone angalia Accessibility, Display & Text Size, Larger Text, na pia Display Zoom iliyo ndani ya Display & Brightness. Kitufe unachohitaji kikiwa kimesukumwa nje ya skrini, ilaze simu kwa upana au sukuma ukurasa juu.

Kama vitu vimekuwa vikubwa au vidogo kupita hata kile kitelezi cha ukubwa, alama unayoiburuza kwa kidole, kinavyoruhusu, kuna mtu ameingia kwenye chaguo za wasanidi programu, Developer options, menyu iliyofichwa inayofunguka kwa kugonga namba ya muundo, Build number, mara 7, akabadilisha thamani ya upana mdogo zaidi, Smallest width. Kwa simu za kawaida thamani hiyo huwa karibu na 360 hadi 411. Irudishe huko.

Na skrini iliyoshuka nusu, sehemu ya juu ikabaki tupu? Hiyo si kasoro, ni msaada wa kutumia mkono mmoja. Kwenye iPhone huitwa Reachability na iko ndani ya Accessibility, Touch.

Hatua ya 3: Rangi

Fungua picha ya uso wa mtu unayemjua. Picha hiyo itakupa jibu kabla ya menyu.

Uso wa kawaida, lakini menyu ni nyeusi: ni mandhari meusi tu, si ugonjwa. Uso umekuwa kama filamu ya kamera ya zamani kabla picha haijachapishwa, meno meusi na nywele nyeupe: rangi zimegeuzwa. Android ina ugeuzaji rangi ndani ya Ufikivu, na mara nyingi pia kwenye vitufe vya haraka vinavyoshuka ukivuta kutoka juu. iPhone ina aina mbili ndani ya Display & Text Size. Classic Invert hugeuza kila kitu. Smart Invert hujaribu kuziacha picha na video, lakini hufanikiwa tu katika programu zinazoielewa, kwa hiyo dalili yake ni simu iliyochanganyikiwa: programu hii picha ziko sawa, ile nyuso ni za samawati. Ukisikia mtu anasema "inaharibika kwenye programu moja tu", anza hapo.

Uso mzima ni kijivu: hapa ndipo mafundi wengi huzima swichi ya kwanza, ikawa haisaidii, wakakata tamaa. Ukijivu una milango kadhaa. Kwenye Android wa kwanza ni usahihishaji wa rangi, ndani ya Ufikivu, ukiwa umewekwa kwenye kijivu. Wa pili ni hali ya wakati wa kulala, ambayo ina ratiba. Ukiona rangi zinaondoka usiku na kurudi asubuhi zenyewe, usitafute kwingine. Wa tatu uko tena kwenye chaguo za wasanidi programu, mahali pa kuiga namna macho mbalimbali yanavyoona rangi, Simulate color space. Hakikisha pamezimwa.

Kwenye iPhone anza na Color Filters, ndani ya Display & Text Size. Ikiwa imezimwa na bado kijivu kipo, rudi kwenye Zoom na ufungue Zoom Filter. Wengi hawajui kwamba kikuzaji kina vichujio vyake, kikiwemo cha kijivu na cha kugeuza rangi, na kwamba vinaweza kufanya kazi hata pale skrini ilipo katika ukubwa wake wa kawaida, ukadhani Zoom haihusiki. Weka None.

Uso una rangi lakini umeegemea upande mmoja. Njano au chungwa jioni ni mwanga wa usiku, Night Shift kwa iPhone, nao una ratiba. Nyekundu na kijani zikionekana za ajabu mchana na usiku, ni usahihishaji wa rangi uliowekwa kwa asiyetofautisha nyekundu na kijani. Kwa macho mengine hupotosha kile kilichokuwa sawa.

Hatua ya 4: Giza lisilotii kitelezi

Mwangaza umeusukuma hadi mwisho na bado huoni kitu juani. Android kuanzia toleo la 12, la mwaka 2021, ina swichi ya kupunguza mwangaza zaidi, Extra dim, ambayo hushusha mwanga chini ya kiwango cha kitelezi. Kwenye iPhone tafuta Reduce White Point ndani ya Display & Text Size, na kichujio cha Low Light ndani ya Zoom Filter. Ukiwa kwenye Display & Text Size, shuka mpaka chini: mwangaza wa kujirekebisha, Auto-Brightness, umewekwa hapo, mahali ambapo hakuna mtu angefikiria kuutafuta.

Hatua ya 5: Kisanduku, sauti, au skrini nyeusi inayoongea

Kisanduku kikizunguka kila unachogusa na simu ikasoma maneno kwa sauti, msomaji wa skrini amewashwa: TalkBack kwa Android, VoiceOver kwa iPhone. Simu haijakataa amri, ila amri zimebadilika. Gusa mara moja kuchagua, gonga mara mbili kukubali. Fanya hivyo hata kwa kila tarakimu ya namba ya siri. Kusogeza ukurasa ni vidole viwili kwa TalkBack, vitatu kwa VoiceOver. Njia fupi zaidi ni kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde 3 kwenye Android, au kubonyeza kitufe cha pembeni mara tatu kwenye iPhone, au kile cha nyumbani kwa zilizonacho, kama njia hiyo ya mkato imewekwa. Siri naye, msaidizi wa sauti wa iPhone, ukimwambia azime VoiceOver huzima.

Skrini ikiwa nyeusi tii lakini simu ya iPhone inaongea na kuita, yaelekea pazia la VoiceOver limeshushwa, lile linalomlinda asiyeona dhidi ya wachunguliaji. Gonga vidole vitatu mara tatu. Zoom ikiwa imewashwa pia, gonga mara nne.

Hatua ya 6: Funga mlango iliopitia

Ukiishia kwenye kuzima kichujio tu, mwenye simu atarudi wiki ijayo. Kwenye iPhone shuka mwisho kabisa wa Accessibility, fungua Accessibility Shortcut, uondoe alama zote. Kipengele kimoja kikiwa kimewekewa alama, kubonyeza mara tatu hukiwasha papo hapo bila kuuliza. Vikiwa viwili, angalau menyu hutokea. Pita pia kwenye Touch, Back Tap, ambako kugonga mgongo wa simu kunaweza kuwa kumepewa kazi ya kukuza au kugeuza rangi. Kava gumu na meza vinatosha kuifanya kazi hiyo.

Kwenye Android kila kipengele kina swichi yake ya njia ya mkato, tofauti na swichi ya kipengele chenyewe. Zima zote mbili. Kwenye sehemu ya njia za mkato za ufikivu, zima pia ile inayoruhusu zifanye kazi skrini ikiwa imefungwa, maana mfukoni ndiko vitufe vya sauti hubanwa pamoja.

Ukishindwa kabisa, usifute simu. iPhone ina Reset All Settings, ndani ya General, Transfer or Reset iPhone, ambayo haigusi picha wala ujumbe, ila itasahau nywila za Wi-Fi. Baadhi ya Samsung zina chaguo la kurejesha mipangilio ya ufikivu peke yake.

Simu ikiwa si yako, uliza kabla ya kuzima chochote. Niliwahi kurudisha herufi za mzee mmoja katika ukubwa wa kawaida, nikijiona nimemfanyia hisani. Aliishika, akaisogeza mbali, akaileta karibu, kisha akanirudishia. Mwanawe ndiye aliyeleta simu akilalamika kuwa imeharibika. Mzee yeye alikuwa ameikuza mwenyewe.